Kingo za Kadi ya Mwisho

Mimi ni mkata karatasi. Tangu nifike Toronto nimefanya kazi nyingine nyingi, nimebeba maboksi kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, nimesafisha ofisi, nimepanga mikate kwenye rafu za duka, lakini ukiniuliza mimi ni nani nitakujibu hivyo. Kazi hiyo nilijifunza Dar es Salaam, katika kiwanda cha chapa, miaka ile baada ya vita vya Kagera ambapo karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tuliipangia foleni. Daftari moja la shule lilikatwa katikati wakapewa watoto wawili. Msimamizi wetu, mzee mkali aliyepoteza kidole cha shahada kwenye mashine ya kukatia, alikuwa na kanuni moja tu, na aliirudia kila asubuhi mahali pa salamu: kata kingo, okoa kiini.

Maana yake ni hivi. Bunda la karatasi likitoka bandarini limelowa, au limeguguniwa na panya pembeni, halikutupwa. Ulilipanga vizuri, ukalibana kwenye mashine, ukakata pande zote nne mpaka ukafika penye karatasi nzima. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko ulichoanza nacho, lakini kilikuwa safi. Nilifanya hivyo miaka kumi na saba, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ni nini kilichokuwa kwenye hizo kingo.

Nimeanza na hayo ili ujue kwamba nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa ubaya wala kwa uzembe. Nilikifanya kwa ufundi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Tulikuwa tunaishi Weston, kitongoji cha Toronto, ghorofa ya tano ya jengo kuukuu lililo upande wa mto, mke wangu, binti yetu na mimi. Treni za kwenda mjini zikipita, vikombe kabatini vilisalimiana. Siku za Jumamosi niliifanya meza ya jikoni kuwa karakana, nikawa najalidi vitabu vya watu: vitabu vya nyimbo vya kanisani kwetu, Biblia zilizofumuka mgongo, na mara moja msahafu wa jirani mmoja kutoka Tanga aliyesimama nyuma yangu muda wote kuhakikisha mikono yangu ni safi. Nilishona kurasa upya, nikapaka gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe, nikavisha jalada jipya, kisha nikapunguza kingo pande tatu kwa rula ya chuma na kisu. Weusi wote wa vidole vya miaka ishirini ulikwenda na vile vipande. Akina mama wa jumuiya waliposhika vitabu vyao walisema vimekuwa vipya. Nilipenda kusifiwa, sikatai.

Gundi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na bibi wa ghorofa ya tatu. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2006, lifti imeharibika kama kawaida yake, nikamkuta amesimama kwenye ngazi na mfuko wa viazi. Nikaubeba. Tulipofika mlangoni kwake akanusa hewa akasema ninanuka shule. Alikuwa mzungu, mzaliwa wa papo hapo Weston, mjane asiye na mtoto, umri sawa na marehemu mama yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kufa kutoka katikati. Alinieleza kwamba akikutazama usoni anaona ukungu, lakini masikio na mabega yako anayaona vizuri, kwa hiyo alinizoea mimi kama mtu wa mabega. Alitaka nimwite kwa jina lake, ndivyo walivyo, lakini ulimi wangu uligoma. Nilimwita Mama. Mwanzoni alicheka, baadaye akawa anaitika.

Nikawa nashuka kwake kila Jumatano nikitoka kazini, namsomea barua za serikali na maelekezo ya dawa, yeye ananipa chai isiyo na maziwa ya kutosha. Mke wangu alinitania kwamba nimeoa ghorofa ya tatu. Lakini naye alikuwa akinipa chapati mbili nimpelekee.

Kwenye meza ndogo kando ya kiti chake kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo hilo kadi moja. Ilikuwa na upana kama wa kiberiti, ndefu kidogo, na juu yake picha ya kijana mwenye kofia ameshika gongo la besiboli, nyuma yake anga la rangi ya chungwa iliyofifia. Mgongoni palikuwa na tangazo la sigara. Alikuwa akiitoa bila kuitazama, maana asingeiona, akaishika kwenye kiganja huku anaongea, dole gumba likitembea ukingoni. Nilidhani ni mazoea tu ya mikono ya kizee, kama mtu anayevuta tasbihi.

Habari ya kadi ile alinipa vipande vipande, Jumatano hadi Jumatano. Baba yake alikuwa mvutaji, na zamani, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kila pakiti ya sigara ilikuja na kadi moja ya mchezaji. Baba, akiwa bado kijana, alizikusanya akiwa na nia ya kuzitimiza zote. Vita vilipoanza, pakiti zikaja tupu. Baba alisema karatasi ngumu imekwenda jeshini, na hata vita vilipokwisha kadi zile hazikurudi. Akabaki na mkusanyiko wenye mapengo, akauweka kwenye boksi la viatu, na mwanawe wa kiume alipopata akili akampa. Yule mwana ndiye kaka wa Mama, aliyemzidi miaka tisa. Alizipenda kadi zile kuliko chakula.

Vita vya pili vilimchukua kaka. Shuleni nako watoto wakaambiwa karatasi inatakiwa, kila karatasi, magazeti, barua, maboksi, ili ikasagwe na kufanywa vitu vya askari. Mama alikuwa na umri wa miaka kumi. Alivuta kigari cha mbao mlango kwa mlango mitaa yote ya Weston, na madarasa yakashindanishwa. Siku ya mwisho darasa lao lilikuwa nyuma kidogo tu. Mwalimu akawaambia watafute tena nyumbani, karatasi ni karatasi. Mtoto akaenda chumbani kwa kaka yake, akachukua boksi la viatu.

Darasa lao lilishinda, na yeye akasimamishwa mbele akapigiwa makofi. Baada ya wiki chache ikaja barua ya kaka kutoka Italia, na mwishoni aliandika: nitunzie kadi zangu. Mtoto akajibu kwa mwandiko wake mzuri kabisa.

“Nilimwandikia, ziko salama,” Mama aliniambia. “Hiyo ndiyo barua yangu ya mwisho aliyoipata.”

Kaka amezikwa hukohuko Italia. Kadi hii moja waliikuta nyuma ya mtoto wa meza miaka mingi baadaye, walipokuwa wanahama. Alinieleza yote hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyegeuka nikatazama dirishani.

Ili nisikae kimya nikamweleza ya kwetu, jinsi karanga za mtaani zilivyofungwa kwenye karatasi za mitihani, ukimaliza kutafuna unasoma mtoto wa mtu kapata ngapi. Akacheka mpaka akakohoa. Siku hiyo niliona kwamba sisi wawili tu, katika jengo lile lote, ndio tunaojua thamani ya karatasi.

Novemba ya mwaka 2008 akaniwekea kadi mkononi. Pembe zilikuwa zimelainika na kuchanuka, tabaka likiachana na tabaka, na ukingo wa chini ulikuwa umeraruka hapa na pale. Akasema kila siku anahisi kipande kidogo kimeondoka.

“Wewe ni fundi,” akasema. “Izuie isiishe.”

Nikamwambia aniachie mpaka Jumamosi. Sikumuuliza kitu. Kwetu mtu akileta kitabu kilichochanika, fundi hamuulizi akitengenezeje, ni kama daktari kukuuliza akukate wapi.

Jioni ile binti yangu, aliyekuwa sekondari, aliiona kadi mezani akakimbilia kompyuta. Yeye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumbani kwetu mazungumzo huwa na magurudumu mawili yasiyolingana. Akanisomea kwamba kadi hizo zimekuwa chache kwa sababu ya vita viwili: vya kwanza vilisimamisha uchapaji, vya pili vilikusanya zilizokwisha kuchapwa na kuzirudisha kuwa uji wa karatasi. Nikamwambia hayo nayajua, nimesimuliwa na mwenyewe. Akasema kuna sehemu nyingine inayohusu jinsi ya kuzitunza, nisubiri kidogo. Nikamwambia inatosha, mtoto hawezi kumfundisha baba yake karatasi.

Jumamosi mchana nilifanya kazi ambayo msimamizi wangu angejivunia. Nilipenyeza gundi nyepesi kati ya tabaka kwa ncha ya sindano, nikaibana kadi kati ya vioo viwili mpaka ikakauka. Kisha nikaweka rula ya chuma. Nikaondoa ukingo wa juu, wa kulia, wa kushoto, kila upande unene wa njiti ya kiberiti. Wa chini niliuongezea kidogo kwa sababu ndio ulioharibika zaidi. Nakumbuka niliona mikato midogo pale chini, myembamba, nikaihesabu kuwa ni uchakavu kama uchakavu mwingine. Kisu kilipita mara moja tu. Ikatoka kadi nyoofu, pembe nne kali, ungedhani imetoka kiwandani asubuhi ile. Mke wangu akasema imependeza, akapangusa meza.

Sikuvumilia mpaka Jumatano. Nilishuka Jumapili baada ya ibada, na suti yangu, nikamwekea kadi kiganjani nikasimama kama mwanafunzi anayengoja alama.

Dole gumba likaenda ukingoni. Likatembea upande wa chini, likarudi, likatembea tena. Akaigeuza kadi, akajaribu pande zote nne. Nikaona uso wake unapotea.

“Alama za kaka yangu ziko wapi?” akauliza.

Ndipo akanieleza jambo ambalo alidhani ninalijua, kwa sababu kwake lilikuwa wazi kama jina la mtu. Wavulana wa zamani walicheza kwa kurusha kadi ukutani, na kadi zilichanganyika, kwa hiyo kaka alizitia zake alama kwa kisu cha mfukoni, mikato kwenye ukingo wa chini. Ndiyo aliyokuwa akiishika siku zote. Picha hakuiona tena tangu macho yaharibike, na hata alipokuwa akiiona, mchezaji yule hakuwa ndugu yake. Mikato ndiyo ilikuwa ndugu yake.

Nilipaswa kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: Mama, nimeikata. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema labda gundi imejaza, aniachie nikaisafishe. Nilipanda ngazi mbili mbili na suti yangu.

Jikoni nikamuuliza mke wangu vile vipande viko wapi. Alikuwa amevikusanya pamoja na matangazo ya maduka akavitia kwenye mfuko wa karatasi, na asubuhi alipokuwa anakwenda kanisani aliupeleka kwenye pipa la buluu, kama tunavyofanya kila wiki, maana hata huku karatasi hukusanywa ikasagwe. Nikashuka chumba cha mapipa. Nilimwaga mapipa matatu sakafuni, nikapekua magazeti na maboksi ya piza kwa magoti, jirani akipita ananitazama. Sikupata kitu. Kingo za kadi ni nyuzi tu, na nyuzi hazina mwenyewe.

Mke wangu aliponikuta alijua kila kitu kabla sijamweleza. Akakaa kwenye ngazi. Hakunilaumu kwa sauti, alisema tu, “Kuuliza si ujinga, baba. Ungemuuliza tu.” Kisha akasema twende wote wawili tukamwambie, yeye ataongea kama mimi siwezi. Nikamwambia nitalimaliza mwenyewe.

Nikalimaliza. Nilikaa mezani na kisu, nikatia mikato kwenye ukingo mpya wa chini. Nilijaribu kukumbuka ile niliyoiona Jumamosi, ilikuwa mingapi, imeachana vipi, imelala upande gani. Mimi niliyejisifu kwamba natambua karatasi kwa kuigusa gizani sikuweza kukumbuka kitu nilichokiona chini ya kisu changu jana yake. Kumuuliza Mama kungekuwa kukiri. Nikatia mitatu, kwa sababu mitatu ilionekana kama idadi ambayo kijana angeichagua. Nikaisugua kwa ukucha ili isiwe mikali.

Jioni hiyo hiyo nikamrudishia.

“Iko salama,” nikamwambia.

Akapitisha dole gumba. Likafika kwenye mikato, likasimama. Likapita tena taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Akainua uso akatazama upande wa bega langu.

“Ndiyo,” akasema. “Asante, mwanangu.”

Hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla. Niliona aibu na nafuu kwa pamoja, na nafuu ikashinda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minne. Kila Jumatano nilikaa mbele yake, kadi ikiwa kiganjani mwake na dole gumba likitembea. Miezi ya kwanza nilikunywa chai bila kuisikia ladha. Baadaye nikazoea. Mwaka wa pili nilianza hata kujipa moyo kwamba nilimtendea wema, kwamba mikato ni mikato, na faraja ni faraja. Binti yangu alikuwa ameshanisomea ile sehemu nyingine, kwamba watu wa kadi hizo hawataki ziguswe kingo hata kidogo, kadi iliyokatwa huihesabu kuwa imekufa. Nilimjibu kwamba Mama si mfanyabiashara. Nilikuwa nasema kweli, na sikuwahi kuchukia ukweli wangu mwenyewe kama siku ile.

Kuna kitu kimoja niliona nikakataa kukiona. Tangu siku ile hakunisimulia tena habari za kaka yake. Tuliongea juu ya lifti, baridi, bei za dawa, ndoa ya binti wa jirani. Nikidokeza Italia alibadili mazungumzo kwa upole, kama mtu anayekuondolea mwiba kwenye sahani.

Alifariki mwishoni mwa 2012, hospitalini, wiki ambayo mimi nilikuwa zamu ya usiku na sikwenda. Mazishi yalikuwa mafupi, watu tisa, theluji imechanganyika na mvua. Mke wangu alipika pilau akalipeleka ghorofa ya tatu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufanya msiba. Wale jamaa zake wachache walilila wamesimama, kwa heshima, hawajui kwamba sisi huomboleza kwa kukaa chini.

Siku waliyokuwa wanaondoa vitu, mpwa wake, binti wa binamu yake, mwanamke wa makamo aliyetoka mji mwingine, alipanda mpaka kwetu akabisha hodi. Alikuwa na bahasha. Akasema shangazi yake aliacha maagizo machache sana, na moja lilikuwa hili: apewe fundi wa vitabu wa ghorofa ya tano. Niliifungua palepale mlangoni. Ilikuwa kadi. Nikaanza kusema kwamba siwezi kuipokea, ni ya ukoo wao, akaniinulia mkono. Kulikuwa na neno pia, akasema, ambalo shangazi yake alilirudia mara mbili hospitalini ili mpwa asilisahau, ingawa mpwa mwenyewe halielewi.

“Alisema nikwambie zilikuwa mbili.”

Nyuma yangu mke wangu akaacha kuosha vyombo.

Mpwa akauliza ni nini kilichokuwa mbili. Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama pale koridoni, rula na kisu na pipa la buluu, maneno yale yale niliyopaswa kuyasema chini kwa mwenyewe siku ya Jumapili ile, na hayakuchukua hata dakika tano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema shangazi yake alikuwa mtu mwema, akaniaga, akashuka kwa ngazi maana lifti ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu dole gumba lilipogusa mkato wa tatu, akanitazama begani akaniambia asante, na miaka minne akapitisha kidole kwenye uongo wangu mbele yangu nami nikinywa chai yake. Nimejiuliza sana kwa nini. Mke wangu anasema alinisamehe. Mimi sina hakika. Nafikiri aliyatambua maneno yale, iko salama, kwa sababu aliwahi kuyaandika, na hakuwa na ujasiri wa kumwadhibu mtu mwingine kwa ajili ya maneno hayo. Au labda alichoka tu.

Sijajalidi kitabu tangu wakati huo bila kuuliza kwanza, na kingo sikati tena. Akina mama wa jumuiya wanalalamika kwamba vitabu vyao vinarudi na weusi ule ule. Kadi ninayo, ndani ya kopo lake lile lile la biskuti. Siku za Jumatano huwa naitoa nikafumba macho, nikapitisha kidole ukingo wa chini. Moja, mbili, halafu ile ya tatu.